Tone la mvua ndani ya uga wa umeme: mbona programu yangu inaonyesha umbo halibadiliki?

tone_moja

Habari zenu wakuu, naombeni msaada maana hiki kitu kimenikalia kichwani wiki nzima sasa. Naandika programu ndogo ya kukokotoa umbo la tone la mvua likiwa linaanguka. Sehemu ya hewa peke yake imeenda vizuri kabisa, tone la kipenyo cha milimita 1 linatoka karibu duara kamili, la milimita 2 limebonyea kidogo ambapo kwa macho huwezi kujua, la milimita 4 linakuwa bapa kwa chini na mviringo kwa juu kama mto wa kulalia uliokandamizwa, uwiano wa kimo kwa upana unakuja 0.78, na hiyo inalingana na vipimo vya watu waliopiga picha matone kwenye handaki la upepo. Hakuna hata moja lililotoka na mkia juu kama yanavyochorwa kwenye vitabu vya watoto, hilo nilikuwa nalijua.

Sasa nikaongeza uga wa umeme wa wima (uga ni eneo ambamo chaji inasukumwa au kuvutwa). Nimeweka kilovolti 100 kwa mita kwa sababu ndani ya wingu la radi uga unafika hapo na kupita. Nikaiendesha tena: 0.78. Nikageuza uga uelekee juu badala ya chini: 0.78. Nikafuta yote nikaandika upya ile sehemu ya umeme, ikaja 0.78 vilevile. Kilovolti 100 kwa mita jamani, volti laki moja kwa kila mita, halafu tone halijali kabisa?? Nahisi kuna mahali nimesahau kuunganisha kitu lakini sipaoni.

Na swali la pili linalonisumbua, kama kweli umeme unanyoosha matone, hizi rada zinazokisia ukubwa wa matone kwa kuangalia yalivyobapaa si zitakuwa zinadanganyika kila mvua ikiwa na radi?

paskali_kwa_paskali

Mkuu usifute tena, programu yako inawezekana haina tatizo lolote. Ngoja tuweke kila nguvu inayogusa lile tone kwenye kipimo kimoja, paskali, utaona mwenyewe.

Tone lako lina kipenyo cha milimita 4 kwa hiyo nusu kipenyo ni 2. Mvutano wa uso wa maji ni kama 0.073 newtoni kwa mita, na presha inayotokana na ile ngozi ya maji kujikaza ni mara mbili ya mvutano ugawe kwa nusu kipenyo, unapata paskali 73. Hiyo ndiyo inayotaka tone libaki duara. Upande wa hewa, tone la ukubwa huo linaanguka kwa mita 8.8 kwa sekunde, presha ya hewa inayogonga tumbo lake kwa chini ni nusu ya densiti ya hewa mara kasi mraba, inakuja paskali 47 hivi. Ona hizo mbili zilivyokaribiana, 73 na 47, ndiyo maana tone kubwa linabapaa. Ukienda kwenye tone la milimita 1 ngozi inakaza kwa paskali karibu 290 na hewa inasukuma kwa 10 tu, ndiyo maana linabaki duara, halina wa kulibishia.

Haya njoo kwenye umeme. Tone likiingia kwenye uga, chaji zake zinajigawa, chanya zinakimbilia ncha moja na hasi nyingine, na kwenye zile ncha mbili uga unakuwa mara tatu ya ule wa nje (kwa tone duara). Chaji zikivutwa na uga zinavuta maji nje pamoja nazo, na presha ya huo mvuto ni nusu ya epsiloni sifuri (namba isiyobadilika ya umeme kwenye ombwe) mara uga wa pale nchani mraba. Weka kilovolti 100 kwa mita utapata paskali 0.4. Sifuri nukta nne! Mbele ya 73 na 47. Volti laki moja inatisha kwetu sisi lakini kwa ngozi ya maji ni mguso tu.

Nimekokotoa haraka kwa tone duara la ukubwa wako, uga huo unalirefusha kwa asilimia 0.3 hivi. Wewe unaprinti tarakimu ngapi baada ya nukta? Kama ni mbili basi badiliko lako limemezwa pale kwenye kukadiria.

Na kuhusu kugeuza uga kuelekea juu, haitakiwi kubadilisha kitu. Presha inakwenda na mraba wa uga, mraba haujui juu wala chini, ncha zote mbili zinavutwa nje vilevile. Tofauti inakuja tone likiwa na chaji yake lenyewe ya ziada, hapo upande mmoja unavutwa zaidi ya mwingine na juu ya hapo tone zima linasukumwa au kuzuiwa kuanguka. Ila chaji zenyewe kwenye mvua ya radi ni pikokulombu (kipimo kidogo sana cha chaji) makumi hivi, wakati tone la milimita 2 tu linahitaji kama pikokulombu 640 ndipo chaji peke yake ilipasue. Kikomo hicho alikikokotoa mwanafizikia Rayleigh mwaka 1882 na mpaka leo ndicho kinachotumika.

kijito_baridi

Samahani naingilia, ila hapo kwenye "uga mara tatu" sikubaliani. Maji ya mvua ni kama maji yaliyokenekwa, hayana chumvi, hayapitishi umeme vizuri. Nadhani inabidi mtumie hesabu ya kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme, chenye epsiloni 80 (mara 80 ya ile ya ombwe), sio ya kipitishi, na huenda ndiyo maana majibu hayaji.

paskali_kwa_paskali

@kijito_baridi swali zuri ila angalia muda, sio jina. Swali sio kama maji ya mvua ni kipitishi kizuri au kibaya, swali ni chaji zinachukua muda gani kujipanga ukilinganisha na muda wa tone kubadilika umbo. Chukua maji ya mvua yenye upitishaji wa simensi 0.001 kwa mita, ambayo ni mvua safi, gawanya epsiloni ya maji (80 mara epsiloni sifuri) kwa hiyo namba unapata chini ya mikrosekunde 1. Tone la milimita 2 linapocheza, yaani kubonyea na kurefuka kwa asili yake, linacheza kama mara 120 kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja ni milisekunde 8. Chaji zimeshajipanga mara maelfu kabla tone halijasogea popote. Kwa tone ile ni kipitishi kamili.

Halafu hata ukitumia 80 ndugu yangu, ncha inapata uga mara 2.93 badala ya 3. Haibadilishi habari.

kijito_baridi

Sawa kabisa nimeelewa, ule mfano wa milisekunde umenikalia. Naondoa hoja.

sindano_na_kitana

Mimi sina programu ila nimeliona hili kwa macho yangu na nataka niwaelezee maana ukiliona halitoki kichwani. Nilichukua bomba la sindano la plastiki, nikatoa hewa, nikalifunga lisimame wima mdomo chini, nikasukuma pole pole mpaka tone likaning'inia bila kudondoka. Tone likining'inia hivyo linatetemeka kidogo halafu linatulia. Nyuma nikaweka karatasi nyeusi na taa pembeni ili ukingo wa tone uonekane vizuri. Kisha nikasugua kitana cha plastiki kwenye kitambaa kikavu cha sufu nikakileta kutoka chini, taratibu.

Kikiwa mbali hakuna kitu. Kikasogea, hakuna kitu. Kikafika kama sentimita tatu hivi nikaona tumbo la tone linashuka, sio tone zima, ile ncha ya chini tu inachongoka kidogo, na ukirudisha kitana nyuma inarudi duara. Nilirudia hivyo labda mara kumi, mbele nyuma mbele nyuma, tone linapumua kufuata mkono wangu na wala halijaguswa na chochote. Halafu nikasogeza milimita chache tu zaidi na ghafla, sikuona hata hatua ya kati, tone likachomoka kwenye sindano likapiga kitana. Nilidhani nimetikisa meza. Nikarudia, ikawa vilevile, kuna mahali ambapo linarudi na hatua ndogo mbele yake halirudi tena.

Najua tone linaloning'inia sio sawa na linaloanguka, na kitana hakitoi uga ulionyooka, lakini nauliza wataalamu, hilo la kuchomoka ghafla lipo pia kwenye mvua?

paskali_kwa_paskali

Lipo dada/kaka na umelielezea vizuri kuliko vitabu vingi.

Sababu ni hii. Uga ukirefusha tone, ncha zinachongoka. Ncha ikichongoka, chaji zinabanana pale na uga wa pale nchani unaongezeka, sio mara tatu tena, mara nne, mara tano. Ukiongezeka unavuta zaidi, tone linarefuka zaidi, ncha inachongoka zaidi. Kwa muda fulani mvutano wa uso unaweza kuuzuia huo mzunguko, tone linatulia kwenye urefu mpya, ndiyo ile sehemu yako ya "kupumua". Ukipita mahali fulani mvutano hauwezi tena na hakuna umbo la kutulia, tone linakimbia mpaka linapasuka. Mwanafizikia G. I. Taylor alifanya hesabu hii mwaka 1964 akaonyesha tone lililo huru linashindwa likifikia urefu wa mara 1.9 ya upana wake. Yaani kutoka 1 hadi 1.9 kuna umbo la kutulia, kutoka hapo hakuna. Na zile ncha zikishashindwa zinakuwa kama pia ya kuchezea, koni yenye pembe ya nyuzi 49.3 toka katikati hadi ubavuni, na kwenye kilele chake unatoka uzi mwembamba wa maji wenye chaji. Umbo hilo mpaka leo linaitwa koni ya Taylor. Ndilo linalotumika kwenye mashine za kupima uzito wa molekuli kubwa kama protini, zile zinazopuliza ukungu wa matone yenye chaji, John Fenn akapata Nobeli ya kemia mwaka 2002 kwa kazi hiyo.

Upande wa mawingu alilishughulikia mapema C. T. R. Wilson, yule wa chemba ya mawingu (kifaa cha kuonyesha njia za chembe ndogo), yeye na Taylor huyohuyo walipasua mapovu ya sabuni ndani ya uga wa umeme mwaka 1925 kwa sababu povu ni rahisi kushika kuliko tone. Naipenda sana hiyo, unataka kujua kuhusu radi unaanza na povu la sabuni.

Uga wa kulipasua tone unategemea ukubwa. Kwa tone tulivu la milimita 2 ni kama kilovolti 1300 kwa mita, la milimita 4 kama 930, la milimita 5 kama 830. Sasa linganisha na wingu, vipimo vya maputo ndani ya mawingu ya radi mara nyingi vinakuta kilele cha 100 mpaka 200, na mara chache sana 400. Kwa hiyo tone la kawaida halifiki pale penye kuchomoka kwa uga wa wingu peke yake. Hata kwa 400 presha ya umeme nchani ni paskali 6.4. Inaonekana, inarefusha asilimia 4 hivi kwa tone duara la milimita 4, ila haipasui.

tone_moja

Wakuu nimerudi. @paskali ulisema kweli, nilikuwa naprinti tarakimu mbili!! Nimeweka tano na badiliko lipo, dogo lakini lipo kila nikibadilisha uga, na linakwenda kwa mraba kama ulivyosema, ukizidisha uga mara mbili badiliko linakuwa mara nne. Siku nne nimeandika upya kitu ambacho kilikuwa sahihi.

Nimepandisha mpaka 400 uwiano ukatoka 0.78 kwenda kama 0.80, yaani tone limepunguza ubapa ila halijawa duara. Hapo nikauliza, mbona ni chini ya ile asilimia 4 uliyoitaja? Halafu nikapandisha zaidi na zaidi na ikafika mahali programu ikaanza kutoa namba za ajabu, kimo kinakua bila kusimama kila raundi. Hii ndiyo kuchomoka au ni hesabu zangu zimeharibika?

paskali_kwa_paskali

La kwanza: tone lako tayari ni bapa. Kitu bapa kilichosimama kukatiza uga hakikusanyi chaji kwenye vilele vyake kama duara, kwa uwiano wa 0.78 uga wa juu ya tone ni kama mara 2.6 tu badala ya 3. Na mvuto unakwenda na mraba, kwa hiyo ni karibu robo umepungua. Ubapa unalikinga tone dhidi ya umeme. Lakini ndiyo hivyo, kinga yenyewe inapungua kadiri linavyonyooka.

La pili inawezekana ni vyote viwili. Jaribu kupunguza hatua zako za muda, kama bado linakimbia palepale kwenye uga uleule basi ni fizikia, kama pale pa kukimbilia panahama basi ni hesabu. Na kitu kingine, umeiacha kasi ya kuanguka palepale 8.8? Tone likinyooka linakuwa jembamba kwa hewa inayolipinga, linaanguka kwa kasi zaidi, hewa nayo inasukuma zaidi tumboni. Vinafukuzana. Usipoachia kasi ibadilike utapata jibu linaloegemea umeme.

Angalia pia ni ncha ipi inakimbia. Kwa tone linaloanguka juu na chini sio sawa, chini hewa inalibonyeza linakuwa tambarare, juu limebaki na mviringo mkali, na uga unapenda penye mviringo mkali. Nategemea ukichora utaona linachongoka kwa juu kwanza.

mlinzi_wa_rada

Nimeona swali la rada limeachwa, ngoja nilijibu maana ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Rada ya pande mbili inatuma wimbi la mlalo na la wima, tone bapa linarudisha la mlalo kwa nguvu zaidi, na kutoka kwenye tofauti hiyo tunakisia ukubwa wa matone. Wazo hilo lilitolewa na watafiti Seliga na Bringi mwaka 1976, na Marekani walimaliza kuziwekea rada zao zote za taifa mfumo huo mwaka 2013. Kwa hiyo ndiyo, tunategemea kabisa lile umbo.

Lakini kwa mvua ya chini inayokufikia wewe, umeme hautusumbui. Tone kubwa lenyewe halitulii, linacheza kila wakati, linagongana na mengine, uwiano wake unapanda na kushuka kwa asilimia kadhaa hata bila umeme wowote, na rada inaona wastani wa matone mengi mno kwa mpigo mmoja. Asilimia 0.3 imezama humo. Halafu uga mkali kabisa wa wingu la radi uko juu, karibu na maeneo ya chaji, na eneo kuu la chaji hasi linakaa penye nyuzi hasi 10 mpaka hasi 20 za selisiasi. Huko vingi ni barafu, sio matone ya mvua.

Na hapo ndipo kuna jambo ambalo mimi kila nikilitazama nasimama. Fuwele za barafu hazirefuki, ni ngumu, ila ni nyepesi na nyembamba, uga unazigeuza zisimame kufuata mistari yake. Rada inaliona hilo, dalili inajengeka taratibu juu ya wingu uga unapokua, radi inapiga, na papo hapo dalili inakatika kwa sababu uga umeanguka na fuwele zimerudi kulala. Kisha inaanza kujengeka tena. Unakaa mbele ya skrini unaangalia wingu linajichaji na kujimwaga, kwa kupitia vipande vya barafu vinavyosimama na kulala.

sindano_na_kitana

Mlinzi hapo umenigusa. Sasa naomba mnimalizie kitu kimoja, kama matone hayapasuki kwa uga wa wingu, kwa nini watu wanayahusisha na kuanza kwa radi?

paskali_kwa_paskali

Kwa sababu hewa yenyewe nayo haipasuki kwa uga huo. Hewa kavu ya usawa wa bahari inahitaji kama kilovolti 3000 kwa mita ndipo ipitishe cheche, kule juu hewa ni nyembamba inahitaji pungufu, lakini hata ukipunguza bado uga unaopimwa mawinguni uko mbali sana chini ya hapo. Na radi zinapiga. Kwa hiyo lazima kuwe na mahali padogo ambapo uga unakuzwa, na kitu kinachokuza uga ni ncha ya kitu kinachopitisha, na ndani ya wingu vitu hivyo ni matone na barafu.

Tone moja peke yake tumeshaona halitoshi. Lakini matone mawili yakigongana bila kuungana vizuri, kwa muda mfupi sana yanakuwa kitu kimoja kirefu chenye shingo nyembamba, urefu mara kadhaa ya upana. Kitu kirefu hivyo kikielekea na uga kinakuza mara nyingi zaidi ya tatu, na ncha zake zinaweza kuanza kuvuja chaji hewani, ile korona ya rangi ya zambarau, kwenye uga ambao tone moja lingeupita bila kupasuka. Mambo hayo yamejaribiwa maabara kwa matone yanayogonganishwa na korona ikaonekana. Kuna maelezo mengine pia, yanayohusu elektroni zinazokimbia kwa kasi kubwa kutokana na mionzi ya anga, na mjadala bado uko wazi. Mimi binafsi naona yote mawili yana kazi, sioni sababu ya kuchagua moja.

tone_moja

Nimepunguza hatua za muda mara kumi, na nimeachia kasi ibadilike. Pale pa kukimbilia pamehama kidogo sana halafu pakabaki, nikipunguza tena hapahami. Kwa hiyo ni kuchomoka kweli, sio hesabu.

Na nimechora. Chini limebaki tambarare mpaka dakika ya mwisho, kama limewekwa mezani. Juu kilianza kinundu kidogo, raundi iliyofuata kinundu kikawa na ncha, raundi iliyofuata programu ikasimama. Nimelitazama lile umbo la mwisho kabla halijasimama, nikaweka kipima pembe kwenye skrini pale juu. Sio nyuzi 49, bado ni butu, kama 60 na kitu, ila nadhani kwa gridi yangu nene (vile vipande ninavyogawia umbo kwenye hesabu) haliwezi kufika. Usiku huu naisaga gridi pale kileleni peke yake nione kama itashuka.

paskali_kwa_paskali

Isage pale juu tu, chini iache ilivyo utaokoa muda. Na ukimaliza weka picha ya raundi tatu za mwisho hapa, nataka kuiona hiyo ncha.